Mizizi Ndani ya Bomba la Maji Taka: Kabla ya Kukata Mti, Kagua Bomba

Fundi anapovuta fito zake kutoka kwenye bomba la choo na kutoa kitu kama shungi la nywele nyeusi zilizolowa, hukumu hutolewa papo hapo uani: mti ukatwe. Mara nyingi mshtakiwa ni mwarobaini ulio nyuma ya nyumba, mkungu wa jirani, au mti wa barabarani ambao chini yake watu huketi jioni kunywa kahawa. Mti unakatwa, bomba linazibuliwa, fundi analipwa. Baada ya miezi kadhaa choo kinarudisha maji tena, na safari hii hakuna mti wa kulaumiwa wala kivuli cha kukalia.

Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea kisiwani Mombasa, jinsi mkaazi anavyoweza kujua tatizo liko wapi bila ya kuchimba ua mzima, na ni nani anayepaswa kuitwa. Jambo la kuelewa tangu mwanzo ni kwamba mzizi hautoboi bomba zima. Ukionekana ndani ya bomba, basi bomba hilo lilikuwa likivuja kabla mzizi haujafika, na maji taka yaliyokuwa yakivuja yamekuwa yakienda mahali. Kisiwani, mahali hapo huenda pakawa ni kisima.

Mzizi huingiaje

Ncha ya mzizi hukua kuelekea kwenye unyevu na hewa. Nyumba nyingi za zamani kisiwani ziliwekewa mabomba ya udongo wa kuchoma, vipande vifupi vifupi vilivyoungwa kwa saruji. Kadiri miaka inavyopita ardhi hukaa, magari mazito hupita juu, na saruji ya maungio hupasuka. Ufa hauhitaji kuwa mkubwa. Mvuke na matone yanayotoka hapo huacha udongo wa pembeni ukiwa na unyevu na mbolea hata wakati wa kaskazi, miezi ya Desemba hadi Machi, ambapo sehemu nyingine ya ua imekauka. Mzizi mwembamba kama uzi hupenya kwenye ufa huo na kukuta ndani kila kitu unachokitaka: maji, chakula na hewa. Hapo hutawanyika na kuwa vishungi, huku ile sehemu iliyobanwa kwenye ungio ikinenepa na kuupanua ufa zaidi.

Mabomba ya plastiki hayana maungio mengi kama hayo, lakini nayo hayajasalimika. Bomba lililounganishwa kwa gundi kidogo, au lililolazwa juu ya mawe makali bila ya mchanga chini yake, hufunguka vilevile.

Kuna mambo mawili yanayoifanya Mombasa iwe tofauti kidogo na miji ya bara. La kwanza ni mwamba. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na katika sehemu nyingi udongo wa juu hauna kina. Ili bomba lipite, mwamba ulichongwa kwa sururu, bomba likalazwa, kisha mtaro ukajazwa udongo laini. Kwa mzizi usioweza kuupenya mwamba, mtaro huo ndio njia pekee iliyo rahisi, nao huufuata mita kwa mita. Mizizi ya mti mkubwa huenda mbali kuliko kivuli chake. Kwa hiyo katika mitaa kama Ganjoni na Tudor, mzizi uliotolewa bombani unaweza kuwa wa mti uliosimama upande wa pili wa ukuta, huku ule ulio karibu zaidi ukishtakiwa bure.

La pili ni upungufu wa maji. Maji ya Mombasa yanatoka mbali, katika vyanzo vya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na wengi huyapata kwa mgao. Choo kinachomwagiwa kopo mbili za maji hakisukumi uchafu kama kile kinachomwagiwa maji ya kutosha. Bomba la milimita 100, lile mafundi wanaloliita la inchi 4, huhitaji mteremko wa takriban sentimita 2.5 kwa kila mita, na mteremko pekee hausaidii iwapo maji ni haba. Ongeza mafuta ya karai, mabaki ya machicha ya nazi, na mchanga au jivu linalotumiwa kusugulia masufuria. Vyote hivyo hufika penye mizizi na kunaswa. Mizizi inafanya kazi ya kifumbu: maji hupita, machicha hubaki. Bomba huziba siku kifumbu kinapojaa, na hiyo ndiyo sababu mkaazi huona kana kwamba limeziba ghafla, ilhali kazi ilianza zamani.

Mji wa Kale na miti ya ukutani

Katika Mji wa Kale hali ina sura nyingine. Nyumba zimegusana, nafasi ya kupanda mti ni ndogo, na mabomba mengi huteremka kwenye ukuta wa nje na kufuata kichochoro. Mashimo mengine yamo ndani ya ua, mengine chini ya nyumba yenyewe, na baadhi ya chemba zilizibwa na sakafu au vigae vilivyowekwa miaka ya baadaye na watu waliokwisha sahau kwamba zilikuwepo.

Hapa mzizi mara nyingi hautoki ardhini kwenda juu. Hutoka juu kwenda chini. Ndege au popo huangusha mbegu ya mti wa jamii ya mkuyu kwenye ufa wa lipu, karibu na bomba linalovuja, nayo huota. Jani la kwanza huonekana kama pambo. Lakini ukuta wa mawe ya matumbawe umeshikwa kwa chokaa, na chokaa ni laini. Mizizi hushuka ndani ya ukuta ikifuata unyevu wa bomba hadi kwenye msingi, na njiani huyatenganisha mawe. Mche ulioota kando ya bomba la ukutani ni alama inayoonyesha pahali pa kuvuja bila ya mtu kuhitaji kifaa chochote. Anayepita Ndia Kuu au Kibokoni na kuinua macho ataona alama za aina hiyo.

Mche ukiwa mdogo, ung'olewe na mzizi wake, kisha bomba litengenezwe na ufa uzibwe. Ukishakuwa na shina, kuuvuta ni kuuvuta ukuta. Ukatwe kidogo kidogo, mzizi uachwe ufe ndani, na pengo lijazwe kwa lipu ya chokaa. Saruji haifai hapa, kwani hufungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe na kuuharibu polepole. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la uhifadhi mwaka 1990, kwa hiyo kabla ya kubomoa sehemu ya ukuta au kuchimba kichochoro, mwenye nyumba anatakiwa kuonana na Ofisi ya Uhifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Wapo wanaoliona hili kuwa usumbufu. Ni kweli linachukua muda, lakini ukuta wa ghorofa mbili uliolegea huchukua muda mrefu zaidi kuusimamisha.

Kujua pahali palipoziba

Kabla ya kumwita fundi, mkaazi anaweza kujua mengi kwa kutazama tu. Iwapo ni karo la jikoni peke yake linalokataa kushuka, tatizo li karibu na karo hilo, na mara nyingi ni mafuta. Iwapo choo, bafu na karo vyote vinasuasua kwa pamoja, na hasa iwapo maji yakimwagwa jikoni choo kinatoa sauti ya kugugumia, basi ni bomba kuu. Katika nyumba ya ghorofa, wa chini ndio huona kwanza: maji ya wale wa juu huibukia bafuni kwao. Mpangaji wa chini hulaumiwa kwa uchafu ambao si wake.

Hatua inayofuata ni chemba. Kifuniko cha chemba ya kwanza, ile iliyo karibu na nyumba, kifunuliwe na kuachwa wazi kwa muda, pasiwe na sigara wala kiberiti karibu, na watoto waondolewe. Ikiwa kavu ilhali choo kimejaa, kizuizi kiko kati ya nyumba na chemba hiyo. Ikiwa imejaa, tatizo liko mbele, na ifunuliwe ya pili, kisha ya tatu. Kizuizi kiko kati ya chemba ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo kavu. Kwa njia hii nyepesi, mita 30 za kuchimba huweza kupungua hadi mita chache, na pia hujulikana kama tatizo liko ndani ya ploti au barabarani. Mwenye nyumba achore mahali chemba zake zilipo na ampe nakala msimamizi wa nyumba. Karatasi hiyo moja imewakosa wengi.

Dalili kwamba ni mizizi, si kitambaa wala nepi, ni kule kujirudia. Kitambaa kikitolewa kimetoka. Mizizi ikikatwa kwa waya wa springi wenye makali au kwa maji ya nguvu, bomba hufunguka, lakini ufa umebaki na mzizi uliokatwa huchipua upya. Nyumba inayozibuliwa pahali palepale mara mbili au tatu kwa mwaka haihitaji kuzibuliwa mara ya nne. Inahitaji bomba lifukuliwe pale palipoonekana, kipande kibovu kitolewe, na kipya kiwekwe.

Hakuna mtu ateremke shimoni

Jambo hili halina mjadala. Ndani ya shimo au chemba ya kina huwa na gesi itokanayo na uchafu unaooza. Mojawapo hunuka kama yai viza, lakini inapokuwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu hudhani harufu imeisha na hewa ni safi. Huanguka kwa pumzi chache. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Shimo likihitaji kusafishwa, liitwe gari la kunyonya maji taka lenye leseni ya NEMA, na anayelipa aulize mzigo unakwenda kumwagwa wapi. Kijana wa mtaani asipewe kamba na ndoo kwa sababu bei yake ni nafuu.

Kisima kilicho uani

Mtandao wa mabomba ya maji taka haufiki kila nyumba kisiwani. Katika nyumba za Kiswahili za Majengo, na katika sehemu kubwa ya Mji wa Kale, maji taka huishia kwenye shimo, na katika ua huohuo, au ua wa pili, kuna kisima. Matumbawe ni mwamba wenye vitundu na nyufa. Maji hupita humo kwa wepesi na hayachujwi kama yanavyochujwa na udongo mzito. Bomba linalovuja mita chache kutoka kwenye kisima halihitaji miaka kuleta madhara.

Ndiyo maana shungi la mizizi lisichukuliwe kuwa kero ya fundi tu. Nyumba iliyotoa mizizi bombani na ina kisima karibu ichukulie kwamba maji ya kisima hicho si salama mpaka ithibitike vingine. Maji ya kunywa, ya kusukutulia na ya kuoshea mboga yachemshwe hadi yatokote vizuri, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Afisa wa afya ya umma wa wadi ajulishwe ili aeleze jinsi ya kupima maji hayo. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita kwenye njia hii hii, na kisima kimoja huteka watu wa nyumba nyingi. Kuwaambia majirani ni aibu ndogo.

Kuhusu mrututu na chumvi

Mtaani kuna ushauri wa kumwaga mrututu chooni, yale mawe ya buluu, au gunia la chumvi, ili mizizi ife. Mrututu kweli huua mizizi unayoigusa. Hauzibi ufa. Ukifika kwenye shimo au tangi huua pia vijidudu vinavyomeng'enya uchafu, na shimo hujaa upesi kuliko kawaida. Shaba iliyo ndani yake haipotei. Katika mwamba kama wa Mombasa huelekea kisimani na baharini, na viumbe wa baharini huathirika kwa kiasi kidogo tu cha shaba. Katika jimbo la California, Marekani, kaunti 9 zinazoizunguka ghuba ya San Francisco zimepigwa marufuku kutumia dawa za mrututu katika mabomba ya maji taka, kwa sababu ya shaba iliyokuwa ikiishia kwenye ghuba. Kisiwa kilichozungukwa na bahari pande zote, ambacho watu wake huvua na kula samaki wa humo, hakina sababu ya kuanza pale wengine walipoachia.

Chumvi huharibu mabomba ya chuma na kuufanya udongo ushindwe kuotesha chochote. Asidi na kostiki soda huweza kumwagika usoni mwa fundi anayekuja baadaye bila ya kuambiwa. Kama dawa imeshatiwa, fundi aambiwe kabla hajaweka mkono.

Matengenezo, na nani analipa

Kipande kipya kiwe cha bomba la plastiki la kahawia linalotengenezwa kwa ajili ya kufukiwa ardhini, si lile jembamba la kijivu la kupitishia maji ya karo ukutani. Maungio yenye pete ya mpira hukaza vizuri kuliko saruji, na huvumilia ardhi inapokaa. Chini yake ulazwe mchanga, na penye mti wa karibu bomba lifunikwe kwa zege. Kabla ya mtaro kujazwa, bomba lizibwe upande wa chini na lijazwe maji. Yakishuka, kuna pahali panavuja, na ni afadhali kupajua siku hiyo. Mafundi wengi huruka hatua hii. Mwenye nyumba aidai, naye asiwe na haraka ya kufukia.

Kwa kawaida bomba lililo ndani ya ploti hadi linapoungana na bomba la umma ni jukumu la mwenye nyumba. Bomba la umma lililo barabarani ni la Kampuni ya Maji na Usafi wa Mazingira ya Mombasa, MOWASSCO, na chemba iliyofurika barabarani iripotiwe huko ikitajwa mtaa, jengo lililo karibu na muda iliyoanza kufurika. Katika vichochoro ambavyo gari haliwezi kuingia, ni vyema anayeripoti aeleze pia barabara ya karibu ambapo gari linaweza kusimama ili mpira uvutwe.

Swali la mpangaji ndilo huleta ugomvi. Sheria ya Afya ya Umma inahesabu bomba au shimo linalofurika na kuhatarisha afya kuwa kero inayopaswa kuondolewa, na pale chanzo kikiwa ni ubovu wa jengo lenyewe, ilani hupelekwa kwa mwenye nyumba. Ufa wa bomba lililofukiwa miaka mingi iliyopita si kosa la mpangaji aliyehamia mwaka jana. Nepi iliyotupwa chooni ni habari nyingine. Wasipoelewana, na waende kwa afisa wa afya ya umma au msimamizi wa wadi. Kisiwa kina wadi 5, na mashauri ya aina hii si mageni katika yoyote kati ya hizo.

Na mti je?

Bomba likishatengenezwa vizuri, mti mara nyingi unaweza kubaki. Mzizi unaokutana na bomba zima lisilovuja hupita kando yake. Mti ukatwe pale tu shina limelala juu ya bomba, au pale mizizi mikubwa imeshainua msingi. Kukata mizizi minene karibu na shina ili kupisha mtaro kuna hatari yake: mti hupoteza nanga, na upepo wa kusi ukija na mvua huangukia nyumba. Mtaro usogezwe inapowezekana. Mti ulio barabarani si wa mwenye duka aliye mbele yake. Kabla ya kuugusa, kibali kitafutwe kwa idara ya mazingira ya kaunti. Hata ule ulio ndani ya ploti, mwenyewe aulize kwanza.

Mji huu una mitaa iliyopewa majina ya miti, Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, Mwembe Tanganyika, na anayetembea saa saba mchana mwezi wa Februari anajua kivuli kina thamani gani. Wanaotaka kupanda wapande mbali na mabomba. Miti ya jamii ya mkuyu, mwarobaini na mkungu haifai karibu na choo wala shimo. Ipewe angalau mita 6, na ile ya jamii ya mkuyu zaidi ya hapo. Penye ua mdogo, mkomamanga, mlimau au mpapai huleta tabu kidogo, na asumini na mrehani hukaa vizuri kwenye vyungu, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za Mji wa Kale.

Wakati mzuri wa kufungua chemba na kuzikagua ni mwezi wa Machi, kabla ya mvua za masika. Mitaro ikiwa bado mikavu, unyevu wowote unaoonekana kando ya bomba hautoki mbinguni.